Nani alimutuma? Namna baraza la mji linatafuta mkubwa wa kazi

(Mazungumzo yaliyotolewa Kasongo mbele ya mkutano mkuu wa muungano wetu. Wajumbe wa Kabambare, Wamaza na Salamabila walikuwapo. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)

  

Komite iliniomba niseme juu ya kitu ambacho mwanzoni nilikiona kikavu: namna mji unavyompata mkubwa wake wa kazi. Simaanishi rais, simaanishi mbunge. Namaanisha yule mtu anayefungua bureau asubuhi, anayeweka saini juu ya karatasi ya kiwanja, anayetuma watu wa ushuru sokoni, anayepashwa kujua daraja la mtaa limevunjika lini na franga za kulitengeneza ziko wapi. Fasi zingine wanamwita meneja wa mji ao mkurugenzi wa jiji. Kwetu tuko na bourgmestre, tuko na chef de secteur, na juu yao kuko administrateur wa territoire.

Swali lenyewe halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mama mmoja, na nitawaeleza namna gani.

Fasi moja, sitaitaja, kaya za waliorudi zilipewa viwanja pembeni ya mtaa. Mkubwa wa wakati ule alikuja mwenyewe. Kamba zilivutwa, miti ikapandwa kwenye mipaka, karatasi zikasainiwa juu ya kiti cha plastiki. Mimi nilikuwapo, nilishika upande mmoja wa ile kamba. Kisha yule mkubwa akahamishwa. Mwingine akafika. Tulipokwenda kumsalimia, tukataja viwanja. Akafungua kabati, akatazama, akaifunga. Akasema: "Hapa sikukuta kitu." Hakuwa mtu mbaya, na kabati kweli ilikuwa tupu. Yule wa kwanza na yule wa pili hawakuonana ata siku moja. Remise et reprise haikufanyika. Wiki chache kisha, mtu mwingine alikuja na karatasi yake juu ya viwanja vile vile.

Mama ninayemsema alikuwa amekwisha kupandisha matofali mpaka juu ya madirisha. Akaniuliza: "Mwanangu, ule mutu mupya, nani alimutuma? Na ule alimutuma, sisi tunaweza kumuona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno ya kutuliza, vile sisi wa mashirika tunajua kusema, na nikaona haya njia yote ya kurudi. Mazungumzo ya leo ni jibu langu, ijapo limechelewa.

Tuanze na kitu mnachokijua kuliko mimi. Wale mliokaa Nyarugusu, mnajua tayari nusu ya somo hili. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, upande wa Kasulu, na ndani yake mlikuwa na wakubwa wa namna mbili. Kulikuwa mkuu wa kambi, aliyeletwa na serikali ya Tanzania. Hamkumchagua, na hakuna aliyewadanganya kwamba mlimchagua. Kisha kulikuwa viongozi wenu wenyewe, mliowapigia kura ninyi wakimbizi. Ukitaka ruhusa ya kutoka kambini, ulikwenda upande wa mkuu. Ukiwa na ugomvi wa foleni bombani, ulikwenda kwa mwenyekiti wako. Na tofauti kila mtu aliijua bila kufundishwa: mwenyekiti akikosea, kesho asubuhi wamama wako mlangoni kwake. Mkuu akikosea, unaandika barua na unangoja.

Ata nje ya kambi, ndugu zetu Watanzania wenyewe wako na mambo haya mawili pamoja. Madiwani wanachaguliwa na watu, na madiwani wanachagua meya. Lakini mkurugenzi, yule anayeshika kasha na wafanyakazi, anateuliwa toka juu. Meya anavaa mkufu shingoni; mkurugenzi anashika kalamu. Mtu anayetaka barabara anajua aende kwa nani.

Sasa kwetu. Territoire, kama Kasongo ao Kabambare, kwa sheria ni mkono wa serikali kuu tu. Administrateur anateuliwa na Rais wa Jamhuri. Hiyo hakuna mtu wa hapa anayeipigia kura, na sheria haikutuahidi. Tusipoteze nguvu zetu hapo. Lakini Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu chake cha 3, inataja vitu vinne ambavyo vinapashwa kujitawala vyenyewe: mji, commune, secteur na chefferie. Na sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008, nambari 08/016, inaeleza namna gani. Watu wanachagua washauri. Washauri wakikaa pamoja wanakuwa baraza. Baraza la commune linachagua bourgmestre na msaidizi wake. Baraza la secteur linachagua chef de secteur. Chefferie peke yake inafuata desturi juu ya mkubwa wake. Na bourgmestre hapashwi kutoka ndani ya baraza: wanaweza kumtafuta nje, ata mtu asiyekuwa mshauri. Kisha baraza liko na haki ya kumwita, kumwuliza maswali, kukataa hesabu zake, na kumtoa kwa kura.

Sikieni vizuri hapo. Sheria yetu, kwa karatasi, imewapa watu wa kawaida nguvu kuliko ya Tanzania. Anayeshika kalamu anatoka mikononi mwa baraza, na baraza linatoka mikononi mwenu.

Na hii kalamu si ndogo. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanabaki kwa majimbo. Sheria ya 2008 inasema asilimia 40 ya fungu lile la jimbo ni ya miji, communes, secteurs na chefferies. Fanyeni hesabu: katika kila franga 100, 16 zingepashwa kufika huku chini. Najua mnacheka. Wote tunajua zinafikaka namna gani. Lakini mtu anayesimama mbele ya jimbo kudai zile 16, kwa jina lenu, ni yule mkubwa wa kazi. Kama aliwekwa na walio juu, atadai kwa sauti gani?

Bon. Karatasi ni hiyo, na ukweli? Ukweli ni kwamba tangu sheria ile itoke, mabaraza yalingojwa miaka na miaka. Bila baraza, wakubwa wanateuliwa. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, watu walichagua washauri wa communes, lakini ni katika miji mikubwa ya majimbo tu. Kwa Maniema ni Kindu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Sisi huku Kasongo na Kabambare tulipiga kura ya rais na ya wabunge, tukarudi nyumbani. Na ata kule walikochagua washauri, kura ya kuwapata bourgmestres na mameya iliahirishwa mara kwa mara. Donc mama yule alipouliza nani alimutuma, jibu la kweli ni hili: alimtuma mtu ambaye hatuwezi kumwona, kwa sababu baraza ambalo tungeliona halijazaliwa.

Nitoe kidogo nje ya njia, wazee mnisamehe. Jambo hili la mkubwa kutafutwa mbali ni la zamani hapa kwetu. Mwezi wa pili 1887, kule Unguja, Hamed bin Muhammed, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip na ambaye alikuwa na makao yake hapa Kasongo, alisaini mkataba na Stanley kwa jina la mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Alifanywa wali wa Stanley Falls, ndio Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 za Kiingereza kila mwezi. Ulikuwa mkataba kweli: kazi imeandikwa, mshahara umeandikwa, anayeajiri anajulikana. Waliokosekana mezani ni watu wa fasi yenyewe, na zaidi wale waliokuwa wakipitishwa njia zetu na minyororo shingoni. Miaka sita kisha, 1893, askari wa Dhanis waliuteka Kasongo, na toka pale wakubwa wakaanza kutumwa toka upande mwingine. Ata kura ya kwanza ya miji, ile ya 1957, Wabelgiji waliifanya katika miji michache tu, kama Léopoldville. Ndiyo iliyompa Joseph Kasa-Vubu ukubwa wa bourgmestre wa Dendale, miaka mitatu tu mbele ya kuwa rais. Na ata siku zile, juu ya mabourgmestres wote alikaa bourgmestre wa kwanza, Mbelgiji, aliyeteuliwa na serikali ya koloni.

Turudi. Nilisema kuko njia ya tatu, ya meneja wa mji. Hapa baraza halichagui mwanasiasa. Linatafuta mtu wa kazi, sawa vile kampuni inatafuta mkurugenzi, na linamwandika kwa mkataba.

Njia hii ilikua Marekani. Mji mdogo wa Staunton, jimbo la Virginia, ulijaribu mwaka 1908. Lakini iliyoifanya ijulikane ni Dayton, jimbo la Ohio, na mambo ya Dayton yatawagusa, kwa sababu yalianza na watu waliokimbia makwao. Mwezi wa tatu 1913 mto ulivunja kingo zake, maji yakaingia katikati ya mji, watu wakafa, maelfu wakapoteza nyumba. Walipoanza kujenga upya waliona namna ya zamani ya kugawana ukubwa kati ya wanasiasa haitaweza kazi ile. Wakaandika sheria mpya ya mji: watu wachague washauri watano, na hao watano watafute meneja mmoja. Kwanza walimtaka Goethals, yule mhandisi aliyesimamia kazi ya mfereji wa Panama. Akakataa. Hawakuona haya, wakatafuta tena, wakampata Henry Waite, mhandisi wa mji jirani wa Cincinnati, akaanza kazi mwezi wa kwanza 1914. Leo Ohio ile ile imepokea ndugu zetu wengi waliotoka kambini. Ukiwapigia simu waulize nani anaongoza mji wao. Wengine watakuambia kuko meya, na kuko meneja, na taka zisipobebwa wanajua simu ya nani inalia.

Karibu zaidi na sisi ni Kenya. Sheria yao ya miji ya mwaka 2011 iliweka meneja kwa miji kama Kisumu na Mombasa. Huyo anatekeleza maamuzi ya bodi ya mji na anajibu mbele ya bodi. Kazi inatangazwa, watu wanaomba, wanashindanishwa, na tume ya utumishi ya kaunti ndiyo inayosimamia. Anapashwa kuwa na shahada ya chuo kikuu na miaka ya uzoefu katika uongozi. Haimaanishi mambo yao ni safi. Wakenya wako na neno "kaimu", mtu anayeshika fasi kwa muda, na muda ule unaweza kuzeeka. Lakini neno lenyewe linasaidia. Kila mtu anajua kwamba kaimu si mwenyewe, na anaweza kuuliza: mwenyewe atatafutwa lini?

Sasa nataka tukae kidogo ndani ya chumba, tuone baraza linafanya nini siku meneja amekwenda. Hapa ndipo kuko mambo ya kuiba, na huu ni wizi usio na dhambi.

Kitu cha kwanza, hawaanzi na majina. Wanaweka kaimu haraka, mara nyingi msaidizi wa yule aliyeondoka, ili bureau isifungwe, na wanasema mapema kama kaimu naye anaweza kuomba kazi ao hapana. Kisha wanajiuliza: mji wetu, miaka hii inayokuja, unahitaji nini? Kama shida kubwa ni madeni, tutafute mtu wa hesabu. Kama ni maji, tutafute anayejua maji. Mabaraza mazuri yanatoka na kuuliza raia pia, kwa mikutano. Ni baada ya hapo tu wanaandika karatasi ya kazi: atafanya nini, atajibu kwa nani, anapashwa kujua nini, mshahara ni kati ya ngapi na ngapi. Karatasi hii inaandikwa mbele ya kumjua mtu yeyote. Ninyi wote mmeona ile nyingine, ambapo mtu anajulikana kwanza, kisha karatasi inakatwa kama nguo kwa kipimo chake.

Halafu wanatangaza, na tarehe ya mwisho. Miji mingi ya Marekani inalipa watu ambao kazi yao ni kutafuta mameneja. Sisi hatuna franga za hiyo na sioni tunakosa kitu. Maombi yakifika yanapimwa kwa kipimo kimoja. Wanaobaki wachache wanaitwa, na wanaulizwa maswali yale yale, moja kwa moja, kila mtu. Mtoto wa mkubwa anaulizwa sawa na mtoto wa mkulima. Miji mingine inawaleta wa mwisho mbele ya wafanyakazi na raia, wasalimiane, waulizwe. Hapo kuko ubishi wa kweli: anayeomba hataki mkubwa wake wa sasa ajue kwamba anatafuta kuondoka, na raia wanataka kumwona kabla hajaandikwa. Kila mji unakata kesi hiyo kwa namna yake. Mimi niko upande wa raia.

Kisha wanapiga simu. Wanaita fasi alizofanya kazi. Wanaangalia diploma kama ni yake.

Niseme aibu yangu hapa. Siku moja nilikaa kwenye meza ya kumchagua mtu wa kazi, katika shirika ambalo sitalitaja. Kijana mmoja alisema Kifaransa kama maji. Mimi nilitoka chuo kikuu, napenda Kifaransa kizuri, nikampa alama za juu. Namba ya simu ya mkubwa wake wa zamani ilikuwa pale pale, chini ya ukurasa. Hakuna aliyeipiga, kila mmoja alifikiri mwenziwe ameipiga. Kijana alikaa miezi michache, akaondoka bila kuacha ripoti ata moja, na ufunguo wa pikipiki tuliutafuta wiki mbili. Tulipopiga ile simu mwishowe, mtu wa upande ule alicheka, akasema: "Kumbe njo kwenu alikwenda?" Franga chache za unité zilitushinda.

Mwisho ni mkataba. Baraza linapiga kura mbele ya watu, mshahara unajulikana, na mkataba unasema namna ya kuingia na namna ya kutoka: baraza likimwondoa, atalipwa nini, na akikosa uaminifu, asilipwe. Kila mwaka wanakaa naye na kumpima. Na kuko kifungu ambacho nakipenda kuliko vyote, sheria za miji mingi wanacho: mshauri mmoja mmoja hana haki ya kumwagiza meneja amwandike fulani ao amfukuze fulani. Wanasema naye wakiwa baraza. Ukiwa na shemeji anayetafuta kazi, shemeji aombe kama wengine.

Mzee mmoja aliniambia jana usiku, tulipokuwa tunakula: "Wewe unasema mambo ya mashindano, lakini sisi tunataka mutoto wa hapa." Nimeichukua vizuri neno lake, na sitaki kulipita haraka. Wote tunajua maumivu ya kuongozwa na mtu asiyejua jina la mto wetu. Na wote tunajua upande mwingine, ata kama hatuupendi: mtoto wa hapa ni mtoto wa ukoo fulani, na kiwanja kikiwa na kesi kati ya ukoo wake na mtu aliyerudi toka Kigoma baada ya miaka kumi, yule aliyerudi analala bila usingizi. Waliobaki wanasema "ninyi mlikimbia". Waliorudi wanasema "ninyi mlichukua". Kati ya sauti hizi mbili, mgeni mwenye karatasi safi anaweza kuwa afadhali. Dayton walimchukua mtu wa mji mwingine. Wengine wanasema aliyezaliwa hapa ni lazima; mimi ningeandika kwenye karatasi ya kazi kwamba akae hapa, asijue mji wetu kwa simu toka Kindu, na aseme Kiswahili na wamama bila mkalimani. Kuzaliwa si kosa wala si diploma. Mzee, tutaendelea kubishana, najua.

Sasa niingie kwenye mambo yetu ya leo. Meza ya muungano huu iko na kesi kama ya Dayton, ndogo. Mnajua kwamba gérant wa depo ya mpunga na ya kasha la msaada anamaliza kazi yake. Komite ilikuwa inataka kuleta jina moja leo, mlipigie makofi. Mimi niliomba wasilete, na nawashukuru kwa kunisikia, ijapo wawili bado wamekasirika. Sina neno juu ya yule mtu. Pengine ndiye atakayeshinda. Lakini gérant anayeingia kwa makofi, siku gunia zikipungua, nani atamwuliza? Wale waliompigia makofi wataona haya, na wale ambao hawakuwapo watasema hawakuulizwa. Kwa muda, mweka-hesabu msaidizi atakuwa kaimu, na ninaomba tumwite kwa jina hilo hilo, kaimu, pamoja na tarehe ya mwisho wake.

Wajumbe wa Wamaza na Salamabila wamesema neno ambalo mimi wa Kasongo sikuliwaza: tangazo likibandikwa hapa tu, watu wao watalisikia kazi ikiwa imekwisha kupata mtu. Wako na haki. Litasomwa kanisani na msikitini, na kwenye radio, na siku za kungoja zitahesabiwa toka siku limefika fasi ya mbali zaidi, pikipiki ikikwama ata mvuani.

Kwa wafadhili wetu neno moja tu, kwa heshima. Mara nyingi mnatuomba jina la gérant kwa haraka, ili karatasi zenu zitembee. Tuachieni wiki hizo. Na msitupendekezee mtu. Mkimpendekeza ninyi, hapa hakuna atakayethubutu kumkataa, na hapo tumerudi Unguja 1887.

Juu ya wakubwa wa serikali, wale tusiowachagua bado. Hatuwezi kuwaandika kazi, lakini kuko kitu tunaweza kufanya siku anapofika mpya, kabla hajazoea kiti. Tumekubaliana na komite kwamba muungano utakwenda kumsalimia kwa adabu, wazee mbele, na barua moja mkononi, na kopi itakayopigwa muhuri wa kupokea. Barua itauliza: je, remise et reprise imefanyika, na orodha ya viwanja vya waliorudi iko ndani yake? Kama haiko, hii hapa orodha yetu na kopi za karatasi zenyewe. Yule wa zamani akiitwa kuondoka, tutakwenda kwake vilevile, mbele gari halijamchukua. Na kura ya washauri ikifika siku moja Kasongo na Kabambare, mgombea akija kwetu na T-shirt na chumvi, tumwulize paka kitu kimoja: ukiingia barazani, utamchagua nani kuwa mkubwa, na kwa kipimo gani? Akijibu "nitaona", tumepata jibu.

Lakini orodha ya viwanja inahitaji karatasi, na karatasi nyingi ziko chini ya magodoro, ndani ya Biblia, ndani ya sanduku la mafuta ya kupaka. Mama yule wa matofali yuko hapa, mstari wa tatu. Yake ameileta, imekunjwa mara nne, saini inasomeka bado. Kesi yake haijaisha, na mwenzake wa kesi naye yuko na watoto, tusisahau. Tunaanza kupiga kopi sasa hivi, hapo ndani kwa katibu. Kila karatasi itaandikwa nambari, na mwenyewe atarudi na ya kwake; hakuna anayeacha karatasi ya asili hapa, ata kwangu mimi. Mafuta ya jenereta ni kidogo, donc waliotoka Kabambare na mbali zaidi watangulie, wa Kasongo tutarudi kesho asubuhi.